Huko Kuna Nani Wetu?

Kwenye daftari langu kuna ukurasa wenye siku nane. Siku ya kwanza, ngazi za Jacob's Ladder, 699, kutoka mji wa Jamestown hadi juu bondeni likiwa chini yako. Siku ya pili, Diana's Peak, kilele kirefu kuliko vyote kisiwani, mita 800 na ushei. Siku ya tatu, Lot's Wife's Ponds, madimbwi ya maji ya bahari ambayo mwishoni unateremka kwa kushika kamba. Siku ya tano nimeandika "Rupert's, nusu siku," halafu nikaikata. Nikaiandika tena. Nikaikata tena.

Kisiwa chenyewe ni St Helena, mali ya Uingereza, katikati ya Atlantiki ya kusini. Ukubwa wake ni kilomita za mraba 122 tu. Unguja ni kubwa kuliko hicho zaidi ya mara kumi. Mpaka 2017 ulifika kwa meli, siku tano kutoka Cape Town. Sasa kuna ndege kutoka Johannesburg. Kwa watu wa kutembea kwa miguu, kisiwa kina njia 21 za siku, na mwisho wa kila njia kuna kisanduku chenye kitabu na muhuri. Unafika, unaandika jina lako, unagonga muhuri, unarudi. Nilipenda wazo hilo mara moja. Nimechoka na simu, na mikutano ya wahariri, na foleni. Nilitaka mahali ambapo hakuna anayeweza kunifikia.

Nilipomwambia mama kwamba nadunduliza pesa za safari hiyo, aliuliza swali moja tu.

"Huko kuna nani wetu?"

"Hakuna mtu, mama. Naenda kutembea."

"Kutembea tu?"

Alisema kama vile nimemwambia naenda kununua upepo. Na nilimwelewa. Kwetu safari ina mtu mwishoni mwake: mgonjwa, maiti, bibi harusi, mdeni. Hata neno lenyewe liko upande wake. Ukisema "Idi nilikwenda kutembea," hakuna anayefikiria miguu yako. Wanataka kujua ulikwenda kwa nani. Kutembea bila kumtembelea mtu ni jambo la kuelezwa vizuri, na mimi sikuweza kulieleza.

Basi nikaanza kutafuta mtu. Na nilimpata upesi: Sayyid Khalid bin Barghash, yule aliyejitangaza Sultani wa Zanzibar mwaka 1896 na kung'olewa na mizinga ya Waingereza kwa vita visivyofika saa nzima. Wajerumani walimhifadhi Dar es Salaam. Waingereza walipomkamata mwaka 1916, wakamtupa uhamishoni, St Helena na Shelisheli, kabla ya kumruhusu kurudi Afrika Mashariki. Alifia Mombasa mwaka 1927. Nilimpigia mama. "Enhe," akasema, "sasa umepata mtu."

Lakini ukishamtafuta mmoja, wanakuja wengi. Napoleon aliletwa hapo mwaka 1815 na hakutoka hai. Dinuzulu wa Wazulu aliletwa mwaka 1890. Vita vya Makaburu vilipopamba moto, wafungwa kwa maelfu wakaletwa. Kila mmoja aliletwa kwa sababu ileile iliyonivutia mimi: umbali. Kile ninachotaka kulipia ndicho walichopewa kama adhabu. Maporomoko ni yaleyale, upepo ni uleule, ukimya ni uleule. Tofauti yangu na Khalid ni tiketi ya kurudi.

Halafu kuna Rupert's.

Mwaka 1840 Wafaransa walifukua mwili wa Napoleon, wakaurudisha kwao kwa heshima zote. Mwaka huohuo Waingereza waliweka kisiwani mahakama ya kushughulikia meli za watumwa zilizokamatwa na jeshi lao la majini. Watu zaidi ya 25,000 walishushwa kutoka meli hizo, wengi wakitoka pande za Kongo na Angola. Waliitwa watu waliokombolewa. Inakadiriwa 8,000 kati yao walikufa na kuzikwa kisiwani, wengi katika bonde la Rupert's. Waliopona, wengi wao walipakiwa tena melini, kwenda kufanya kazi Karibiani na Cape.

Kaburi la Napoleon, ambalo ndani hamna mtu, ni mali ya serikali ya Ufaransa; lina uzio na linatunzwa. Bonde la Rupert's, lililojaa watu, lilikaa miaka zaidi ya mia bila alama za makaburi. Lilikuja kuchimbwa mwaka 2008, ilipotakiwa kupita barabara ya kwenda kwenye uwanja mpya wa ndege. Wakatolewa watu 325. Wengi walikuwa watoto na vijana. Baadhi walikuwa bado na shanga. Mifupa yao ilikaa ghalani zaidi ya miaka kumi, ikazikwa upya mwaka 2022.

Uwanja huo ndio utakaonipokea. Hapo ndipo kalamu yangu ilipokwama, kati ya kuandika na kukata.

Rafiki yangu, naye mwandishi, alinicheka. "Ukianza hivyo hutakwenda popote. Bagamoyo tunakula samaki. Mangapwani tunapiga picha. Dunia nzima ina makaburi." Ni kweli. Tena anaweza kuongeza kwamba St Helena kuna watu wanaoishi, kama elfu nne hivi, wana shule na maduka na mashamba, na wanahitaji wageni. Kukigeuza kisiwa chao kuwa kaburi moja kubwa ni dharau ya namna yake. Na kubaki nyumbani kwa ajili ya wafu wa Rupert's hakumpunguzii yeyote kitu. Kungenifanya tu nijione mwema. Hatia nayo ina majivuno yake: kila kitu kinarudi kuwa habari yangu mimi.

Kwa hiyo swali la kwenda au kutokwenda nimeliacha. Nitakwenda. Swali linalobaki ni la mama, na sasa naona nililijibu harakaharaka. Kwa nini nilipotafuta mtu "wetu" nilimwona Sultani kwanza? Kwa sababu ana jina, na anaongea lugha yangu. Lakini Khalid alitoka katika ukoo ambao mashamba yake ya karafuu yalilimwa na watumwa. Wale wa Rupert's, kama wangeshushwa upande wetu wa Afrika miaka ileile, huenda wangeishia kuchuma karafuu hizo. Kumchagua yeye na kuwaruka wao ni kuchagua vilevile historia ilivyochagua.

Napoleon ana Ufaransa. Khalid ana vitabu, na ana Mombasa. Wale watoto wenye shanga hawakunijua na lugha yao siijui, damu yetu si moja kwa namna ninayoweza kuithibitisha. Lakini nadhani "wetu" katika swali la mama haimaanishi damu peke yake. Nimemwona akikaa na wagonjwa wa watu hospitalini kwa sababu tu saa ya kuona wagonjwa ilifika na kitanda chao hakikuwa na mtu.

Nimechana ule ukurasa, nikaandika upya. Rupert's sasa ni siku ya kwanza, siku nzima, na siku hiyo sitagonga muhuri wowote. Zinazofuata ni vilima, madimbwi na ngazi, na nakusudia kuzifurahia bila kuomba radhi kwa mtu. Mgeni husalimia kwanza wenyeji, halafu ndiyo akaangalia mandhari. Nilikuwa nimeupindua utaratibu.

Nilimweleza mama mpango mpya. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Haya mwanangu. Ila usiende mikono mitupu."

Bado sijajua nitabeba nini.