Lugha Isiyojibiwa

Katika sanduku langu la vitabu limo toleo la kwanza la Starlog, jarida la Marekani lililoandika habari za filamu na televisheni za hadithi za kisayansi. Ni la Agosti 1976. Nililikuta sokoni Ifakara katikati ya miaka ya 1980, ndani ya robota la magazeti makuukuu ya kufungia bidhaa. Karatasi yake ing'aayo haikufaa kufungia dagaa, hivyo muuzaji akaniachia bure. Ninyi wa Visiwani mlikuwa na televisheni ya rangi tangu nusu ya kwanza ya miaka ya 1970. Sisi wa Bara tulingoja hadi 1994. Basi niliisoma mihtasari ya vipindi vya Star Trek kama mtu anayesimuliwa karamu ambayo hakualikwa, na kila kipindi nikajitungia mwenyewe.

Humo nilikutana na jina Uhura. Nikachukua kalamu, nikasahihisha: Uhuru. Wino ule ungalipo. Miaka mingi baadaye nilijua kwamba halikuwa kosa la chapa. Nichelle Nichols, mwigizaji wa nafasi hiyo, aliyefariki mwaka 2022, alisimulia kwamba siku ya usaili alikuwa na riwaya ya Robert Ruark iitwayo Uhuru. Gene Roddenberry, muasisi wa mchezo, alilipenda neno, wakalilainisha mwishoni. Irabu moja ikabadilika, na neno ambalo watu walilifia likawa jina tu. Nililihesabu jambo hilo kuwa dhuluma. Mfasiri huamini kwamba neno la kuazima ni amana.

Hatimaye nilikiona kipindi cha kwanza kurushwa Marekani, cha tarehe 8 Septemba 1966. Kiumbe anayefyonza chumvi ya miili ya watu anazurura katika merikebu ya angani, akibadili sura. Anapomfikia Uhura anajigeuza mwanamume mweusi, kwa sura aliyoichota katika mawazo ya Uhura mwenyewe, na kumsemesha Kiswahili. Uhura anachangamka, anamjibu. Katika kipindi kile hatumwoni mwingine wa kuzungumza naye kwa lugha hiyo. Aliyepo ni jini, na jini anataka chumvi yake. Nilikasirika. Kumbe hiyo ndiyo kesho tuliyowekewa: lugha ya mamilioni ibaki na msemaji mmoja, mpweke kiasi cha kuweza kuhadaiwa na yeyote aijuaye?

Hasira ile haikudumu, kwa kuwa nilimkumbuka bibi yangu.

Bonde la Kilombero lina Wandamba, Wapogoro, Wambunga, Wabena na wengineo, na sokoni Ifakara wote hukutana kwa Kiswahili. Mimi ni miongoni mwa waliofaidika. Ndicho kilichonifanya mshairi. Bibi alikuwa Mndamba. Alinisemesha Kindamba hadi mwisho wa uhai wake, nami nikamjibu kwa Kiswahili, kwa adabu zote, shikamoo ikitangulia. Hakuna aliyenikataza lugha yake. Neno lake hata moja halikunipita.

Je, nilimkosea? Wapo wasemao kwamba lugha ni chombo, na chombo kisichotumika hakimdai mtu. Hoja hiyo yafaa kwa jembe. Jembe halikai barazani likingoja kujibiwa. Wengine husema wajibu wetu ni kwa watu, si kwa lugha, na hao nakubaliana nao, ila hawanipunguzii kitu, maana aliyekuwa akingoja alikuwa mtu. Nilimpelekea sukari, nilimtibisha, nilikaa naye jioni nyingi. Nilichomnyima hakihesabiki, wala yeye hakukidai.

Alikuwapo mchuuzi mmoja wa vitenge, mgeni wa bondeni, aliyejifunza salamu za Kindamba na mizaha michache. Alipopita, bibi alimwita aketi, wakaongea na kucheka. Kila mara alinunua, tena kwa bei ya juu, na kitenge kikenda kukunjwa juu ya vingine ambavyo hakuvivaa kamwe. Sisi wajukuu tulimcheka, kwa Kiswahili, kwamba uzee umemharibu hesabu.