Tone la Chanjo ni la Nani?



Tukimpeleka mtoto kliniki, muuguzi humdondoshea kinywani matone mawili ya chanjo ya polio. Mtoto hukunja uso, mama humfuta mdomo, nasi twarudi nyumbani tukisema, "Mtoto wetu amekingwa." Je, tone lile ni la mtoto wetu peke yake?

Kwanza tufahamu kazi yake. Vijidudu vya polio na kipindupindu huingia kwa njia ya kinywa na kuzaana utumboni. Chanjo ya sindano ya polio humlinda mtoto vizuri asipooze, kwa maana hujenga kinga katika damu. Lakini haizuii sana kirusi kisikae utumboni mwake na kutoka pamoja na choo. Matone huamsha kinga katika utando wa utumbo wenyewe, yaani pale mlangoni anapoingilia adui. Sindano humlinda mtoto. Tone humlinda yeye na jirani yake. Ndiyo sababu watoto wetu hupewa zote mbili.

Chanjo ya kunywa ina shida moja: asidi ya tumbo huweza kuiharibu kabla haijafika utumboni. Siku hizi wataalamu wanajaribu kuitia katika chembe ndogo mno, zilizovikwa ganda lisiloyeyuka kwa asidi bali hufunguka utumboni, kama barua ndani ya bahasha. Kazi hiyo kwa sehemu kubwa ingali maabara. Chanjo ya kipindupindu iliyotolewa Unguja na Pemba mwaka 2009 ilinywewa pamoja na dawa ya kutuliza asidi. Karibu nusu ya walioandaliwa chanjo walikunywa dozi zote mbili. Ugonjwa ulipokuja, walionywa waliugua kidogo sana. Tena, mahali walipokunywa wengi, hata wasiokunywa waliugua kidogo kuliko mahali walipokunywa wachache.

Basi tone ni la jirani pia. Msamaria hakumwuliza majeruhi jina lake wala kabila lake, nasi hatujui ni mtoto gani ng'ambo ya Mto Ng'ombe atakayepona kwa sababu wetu alikunywa. Wako wasemao kipindupindu ni cha mitaa mingine.  Ni Agosti 2015 tu kilipozuka Kinondoni, na Sinza yetu wakati ule ilikuwa bado ndani ya wilaya hiyo. Wengine husema, "Wenzetu wamechanja, yatosha." Huyo ala chungu cha shirika bila kutoa unga.

Lakini liko neno la pili, nalo ni zito zaidi. Tone la polio lina kirusi hai kilichodhoofishwa. Kwa nadra sana huweza kumdhuru anayelipokea; na mahali ambapo wengi hawajachanjwa, kirusi hicho kikizunguka muda mrefu huweza kupata nguvu tena na kupooza watoto. Kirusi cha namna hiyo kilipatikana kwa mtoto mkoani Rukwa mwaka 2023, na matone yakapelekwa nyumba kwa nyumba ili kukizuia.

Tulipokuwa tukifundisha chuo cha ualimu, tuliwaambia wanafunzi wetu wawaambie wazazi kwamba chanjo haina madhara yo yote. Tulitaka kuepusha maswali. Twakiri leo kwamba tulikosea. Tukimwomba mama amtolee mtoto wake kwa ajili ya watoto wa wengine, tumemwomba sadaka, na sadaka haichukuliwi kwa hila. Mama aulizaye si mkaidi; anatimiza wajibu wake. Tukimficha jambo dogo la kweli, siku atakapolisikia kibarazani hatatuamini hata katika yale makubwa, na watakaoumia ni watoto.

Kwa hiyo yatupasa mambo mawili. Tuwapeleke watoto wetu wapate matone, na kuwakumbusha majirani. Na tukiulizwa, tujibu kweli yote: hatari ni ndogo sana, faida ni kubwa, na hatari hiyo huzidi kupungua kadiri wengi wanavyochanjwa. Upendo na kweli visitenganishwe.

Mungu atujalie moyo wa kumjali jirani, na ulimi usiomdanganya. Amina.