KULWA NA DOTO: AKILI NI DAMU AU NI MALEZI?



Jioni moja huko Igoma, Mwanza, baada ya sala ya Magharibi, mtu mmoja ambaye bado anaichunguza dini alituuliza swali lililomlemea moyoni. Anao wana mapacha, Kulwa na Doto, kama Wasukuma wanavyowaita mapacha. Kulwa husoma vizuri. Doto huwa wa mwisho darasani. Baba amekusudia kumtoa Doto shuleni, aende mwaloni kuanika dagaa. Akasema: "Wamezaliwa siku moja na wanakula sahani moja. Kama si Mungu aliyempendelea mmoja, tofauti hii imetoka wapi?"

Kwanza tusikatae lililo kweli. Mtoto hurithi jeni, yaani chembe za urithi, kwa baba na kwa mama. Mapacha wasiofanana hawakaribiani kwa urithi kuliko ndugu wengine wa tumbo moja. Tena akili haitokani na jeni moja, bali jeni nyingi sana, kila moja na athari yake ndogo. Kwa hiyo hakuna awezaye kumtazama mtoto, wala ukoo wake, akasema: mpaka wa huyu ni hapa.

Lakini mbegu si shamba. Mahindi ya mbegu moja hustawi penye rutuba na hudumaa katika mchanga mtupu. Mwaka 2003 Eric Turkheimer na wenzake walieleza habari za mapacha wa Marekani wenye miaka 7: katika familia maskini, tofauti za akili zilitokana zaidi na mazingira ya nyumbani kuliko urithi, kwa wenye mali ikawa kinyume. Huko Ulaya jambo hilo halikuonekana wazi hivyo. Karibu nasi, Bagamoyo, Robert Sternberg, Elena Grigorenko na wenzao waliwapima wanafunzi, wakawafundisha kwa muda mfupi namna ya kufikiri maswali yale, kisha wakawapima tena. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2002 yalionyesha kuwa waliofundishwa walipanda kuliko wasiofundishwa. Basi alama ya kwanza haikuwa kipimo cha uwezo wao wote.

Tukamwuliza baba: Taa ya usiku humwashia nani? Ni nani anayeitwa mjinga mbele ya wageni? Je, macho na masikio ya Doto yamepimwa? Kichocho cha ziwani na minyoo, vinavyomnyonya mtoto damu, vimetibiwa? Akainamisha kichwa. Kumbe watoto hawa hula sahani moja, lakini hawalelewi malezi mamoja.

Sasa tuje kwenye imani. Kurani Tukufu, katika Sura Ta Ha, inatufundisha kwamba Mwenyezi Mungu hukipa kila kitu umbo lake, kisha hukiongoza. Umbo hatukulichagua, uongozi wa mtoto umewekwa mikononi mwa wazazi, nao wataulizwa. Tena Mungu haikalifishi nafsi ila kwa kadiri ya uwezo wake, na ubora mbele Yake ni ucha Mungu, wala si nambari ya darasani. Basi upendeleo uko wapi?

Sahaba Bashir r.a. alimpa mwanawe Nu'man zawadi, akamwomba Mtume Mtukufu s.a.w. awe shahidi. Mtume s.a.w. akamwuliza kama wanawe wote wamepewa vivyo hivyo. Aliposema hapana, Mtume s.a.w. alikataa kushuhudia, akaamuru watu wamche Mungu na wafanye uadilifu baina ya watoto wao. Ikiwa haki ni lazima katika zawadi, je, si zaidi katika elimu, na katika neno jema?

Doto yuko shuleni hata leo. Hatuahidi kwamba atampita Kulwa. Tunalojua ni kwamba sasa taa inawaka kwa wawili.

Mwenyezi Mungu atujalie kuwa wachungaji waadilifu wa amana Yake. Amin.