Urithi Hutunzwa kwa Ajili ya Nani?

Dkt. Fidelis Masao, mtafiti wa michoro ya miambani ya Tanzania ya kati, aliongoza pia Makumbusho ya Taifa. Mwanaakiolojia huulizwa amegundua nini. Mkuu wa makumbusho huulizwa anamtunzia nani. Swali hili la pili latuhusu sote. Fuvu la Zinjanthropus, lililopatikana Olduvai mwaka 1959, lilirejeshwa nchini mwaka 1965, nasi tukaona kuwa ni haki. Je, haki hiyo yakomea Dar es Salaam? Mtumbwi wa Wandamba ukichukuliwa kutoka bonde la Kilombero bila maarifa ya fundi aliyeuchonga, kilichohifadhiwa ni gogo tu. Yatupasa basi kuyaandika maarifa hayo, na kuhakikisha kuwa mtoto wa Ifakara naye anayarithi.