Bidii ya Mtu na Upepo wa Wakati

Tuwafikirie manahodha wawili wa Lamu, kila mmoja na jahazi lake. Majahazi hayo yametoka kwa fundi mmoja, mabaharia wao ni sawa kwa idadi na kwa nguvu, na wote wawili wameijua bahari tangu utoto. Wa kwanza alitweka tanga kwenda Mombasa wakati wa kaskazi. Upepo ulimsukuma kutoka nyuma, akafika upesi, shehena yake ikiwa salama. Wa pili alikwenda njia ile ile wakati wa kusi. Upepo ulimkabili usoni, ikambidi kubisha mchana na usiku, akafika amechelewa na nusu ya shehena imeharibika. Watu waliokuwa bandarini walimsifu wa kwanza kwa uhodari, wakamcheka wa pili kwa uzembe. Je, hukumu yao ilikuwa ya haki?

Hapana shaka kila msomaji atajibu kuwa haikuwa ya haki. Walakini hukumu ya namna hiyo hutolewa kila siku juu ya watu ambao hawajapanda jahazi hata mara moja. Mwenye nyumba humtazama mpangaji, akasema moyoni mwake, "Mimi nilijinyima, huyu hakujinyima." Mzee humtazama kijana asiye na kiwanja, akasema, "Sisi katika umri wako tulikuwa tumekwisha kujenga." Maneno haya yamkini ni kweli, na yamkini ni dhuluma. Kwa hiyo yafaa tuulize: katika mali aliyo nayo mtu, ni sehemu gani iliyotoka katika jasho lake, na ni sehemu gani aliyoletewa na wakati? Na akiisha kujua, anawiwa nini na wenziwe?

Ili swali hili lisibaki hewani, tulipime kwa jambo linalohesabika, nalo ni riba ya mkopo wa nyumba. Mtu asiye na fedha za kutosha kununua nyumba hukopa, na nyumba yenyewe huwekwa rehani mpaka deni liishe. Juu ya fedha alizokopa hulipa riba, ambayo ni bei ya kutumia fedha za mwingine. Nchi ya kutazama ni Marekani, kwa sababu mbili. Kwanza, mkopo wa kawaida wa nyumba huko hulipwa kwa miaka 30 kwa riba isiyobadilika, hata siku moja ya kutia sahihi huweza kuamua malipo ya miaka mingi. Pili, tangu mwaka 1971 shirika la Freddie Mac limekuwa likiandika wastani wa riba hiyo wiki baada ya wiki, kwa hiyo twaweza kuuona upepo ulivyovuma.

Mkopo wa namna hii si wa kale sana. Kabla ya miaka ya 1930 Mmarekani aliyetaka kununua nyumba aghalabu alikopa kwa miaka michache tu, na mwisho wake alidaiwa sehemu kubwa ya deni kwa mkupuo mmoja. Uchumi ulipoanguka watu wengi walinyang'anywa nyumba zao, na mwaka 1934 serikali ikaanza kudhamini mikopo ya muda mrefu. Mwaka 1944 askari waliopigana Vita vya Pili vya Dunia walifunguliwa mlango wa mikopo ya nyumba ambayo riba yake haikuruhusiwa kupita asilimia 4. Mwaka 1971 riba ya kawaida ilikuwa zaidi kidogo ya asilimia 7. Mwezi wa Oktoba 1981 ilifika asilimia 18.63, kilele ambacho hakijafikiwa tena. Kisha maji yakaanza kupwa, mwaka baada ya mwaka, na mwezi wa Januari 2021 riba ilikuwa asilimia 2.65. Lakini kabla ya miaka mitatu kwisha, Oktoba 2023, ilikuwa imepanda tena hata asilimia 7.79.

Sasa tuwafikirie wakopaji wawili, wenye tabia sawa kama wale manahodha. Kila mmoja amekopa dola 100,000 kwa miaka 30. Wa kwanza ametia sahihi wakati riba ni asilimia 18. Atalipa kila mwezi dola 1,507, na kama hakubadili mkataba, siku ya mwisho atakuwa amelipa zaidi ya dola 542,000. Wa pili ametia sahihi wakati riba ni asilimia 3. Atalipa kila mwezi dola 422, na jumla yake haitafika dola 152,000. Fedha walizopokea ni sawa na miaka ni sawa. Tofauti ya dola 390,000 iliyo baina yao haikuletwa na ulevi wa mmoja wala na uchaji wa mwingine. Imeletwa na tarehe.

Na tarehe hiyo iliamuliwa na nani? Si mkopaji. Katika miaka ya 1970 bei za vitu Marekani zilipanda sana, na mwezi wa Machi 1980 zilikuwa juu kwa karibu asilimia 15 kuliko mwaka uliotangulia. Paul Volcker, aliyekuwa mkuu wa Benki Kuu ya Marekani tangu Agosti 1979, aliazimia kuuvunja mfumuko huo kwa kuifanya fedha iwe adimu na ghali. Bei zilitulia, lakini mwaka 1982 ulipokuwa ukiisha, zaidi ya asilimia 10 ya wafanyakazi walikuwa hawana kazi. Wajenzi waliokosa wanunuzi walimpelekea Volcker kwa posta vipande vya mbao za kujengea, wameviandika malalamiko yao. Na riba ndogo ya mwaka 2021 ilitoka wapi? Ilitokana kwa sehemu kubwa na maradhi ya Uviko-19, ambayo yaliilazimisha Benki Kuu kuishusha bei ya fedha ili uchumi usizame. Kwa hiyo yule aliyepata nyumba kwa bei nafuu alisaidiwa na msiba uleule uliowaua wengine. Nani awezaye kujisifu kwa hayo?

Lakini kuna pingamizi, na mtu mwadilifu hulisikiliza pingamizi kabla ya kuhukumu. Mgala muue na haki yake umpe. Kijana wa leo husema kuwa mwaka 1981 nyumba ya kawaida ya Marekani iliuzwa kwa karibu dola 70,000, na kwamba kufika 2021 bei ilikuwa imepita dola 300,000. Basi mzee alilipa riba kubwa juu ya deni dogo. Hilo ni kweli. Mzee naye hujibu kuwa mshahara wake ulikuwa mdogo, na kwamba riba iliposhuka alikwenda kubadilisha mkopo wa zamani kwa mpya wenye nafuu, akihesabu kila senti. Hilo nalo ni kweli. Wala hapana upepo unaomfikisha nahodha aliyelala. Wako waliopata riba ndogo wakapoteza nyumba kwa anasa, na wako waliopata riba kubwa wakailipa mpaka mwisho kwa kujinyima. Sidai kuwa bidii si kitu. Nasema kuwa bidii ni tanga, na tanga pasipo upepo ni kitambaa.

Tena yafaa tusidhani kuwa mkopeshaji daima hukaa pwani akitazama wengine wakizama. Katika Marekani vilikuwako vyama vya akiba vilivyokopesha fedha za nyumba kwa riba ya asilimia 6 au 7 kwa miaka 30. Riba za jumla zilipopanda, vyama hivyo vililazimika kuwalipa wenye akiba zaidi ya vilivyopokea kwa wadeni wao. Baadhi yao vilijaribu kujiokoa kwa biashara za hatari na za hila. Kati ya miaka 1986 na 1995 vyama zaidi ya 1,000 vilikufa, na sehemu kubwa ya hasara ikabebwa na walipa kodi. Upepo hauchagui mkopeshaji wala mkopaji.

Liko jambo zito kuliko upepo, nalo ni mkono wa mwanadamu unaomzuia mwenziwe asitweke tanga. Mikopo iliyodhaminiwa na serikali ya Marekani tangu 1934 haikuwa ya wote. Mitaa ya watu weusi ilitiwa rangi nyekundu katika ramani, kuonyesha kuwa ni mahali pa hatari, na wakazi wake wakanyimwa udhamini hata kama walikuwa walipaji waaminifu. Sheria ya kukataza ubaguzi wa makazi ilikuja mwaka 1968. Wakati huo jirani mweupe, aliyekopa zamani kwa riba ndogo, alikuwa karibu amekwisha kulipa, na nyumba yake imepanda bei kuwafaa watoto wake. Mjukuu wa yule wa kwanza akimwambia mjukuu wa huyu wa pili, "Babu yako alikuwa mvivu," dhambi iliyotendwa mara moja huwa imetendwa mara mbili.

Wengine husema kuwa dawa ni rahisi: serikali iamuru riba iwe ndogo. Kenya ilijaribu. Sheria ya mwaka 2016 ilizikataza benki kutoza riba iliyozidi kiwango cha Benki Kuu kwa zaidi ya asilimia 4. Wakopaji walishangilia. Lakini benki nyingi zilipendelea kuikopesha serikali kuliko kuwakopesha wafanyabiashara wadogo na watu wasio na dhamana, na mwezi wa Novemba 2019 kizuizi hicho kiliondolewa. Nia ilikuwa njema, ila mnyonge aliyeahidiwa mkopo wa bei nafuu mara nyingi aliukosa mkopo wenyewe. Haki haiji kwa amri peke yake. Hudai pia maarifa ya namna mambo yanavyokwenda.

Basi tunawiwa nini sisi kwa sisi? Naona wajibu wa aina tatu. Wa kwanza ni wa aliyefanikiwa: ashukuru kabla ya kujisifu, na awe mwepesi wa kuelewa kuliko kulaumu. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, lakini aliyewahi kuhesabu kwa kalamu hana udhuru wa kutojua. Wajibu wa pili ni wa wale wanaoshika usukani wa fedha za nchi. Yamkini ni lazima riba ipande ili bei zisiangamize watu. Ila anayeipandisha akumbuke kuwa nyuma ya kila tarakimu kuna mlango wa nyumba na watoto waliolala ndani yake, na mzigo wa lazima usiachwe mabegani mwa wachache. Wajibu wa tatu ni wako, msomaji kijana. Utakapokua, yamkini utatia sahihi mkataba kama huu, na katika nchi yetu mikopo mingi ya nyumba huwa na riba inayoweza kubadilika. Kukopa harusi, kulipa matanga. Usome kila neno. Uulize riba ikipanda utalipa nini. Usikope kana kwamba kaskazi itavuma milele.

Na siku utakapofika bandarini salama, umeshuka na shehena yako, na watu wanakusifu, utazame nyuma baharini. Huenda utaliona jahazi la mwenzako likibisha taratibu dhidi ya upepo, tanga lake limetatuka, mabaharia wake wamechoka. Usicheke pamoja na wanaocheka. Waambie watu wa bandarini kuwa unaijua njia ile, na kwamba wewe ulipopita upepo ulikuwa nyuma yako. Kisha ushuke majini, ukampokee kamba.