Jirani Aliye Chini ya Mto

Mama wa Nyasura, wilayani Bunda, atekaye maji asubuhi, hajui ni nani aliyeyachafua jana. Maji yaweza kuonekana safi, kumbe yamebeba virusi visivyoonekana kwa macho. Tutazame ugonjwa wa polio: katika watu 200 wanaoambukizwa, yapata mmoja tu hupooza. Wengi waliosalia hutembea kama wazima, huku wakitoa virusi katika kinyesi kwa majuma kadhaa.

Kwa hiyo wataalamu hawangoji mtoto apooze. Huchota maji machafu ya mji na kuyapima. Mwaka 2021 vipimo vya namna hiyo vilionyesha virusi vya polio mjini Kampala, ng'ambo ya Ziwa Victoria. Januari 2022 watoa chanjo walipita nyumba kwa nyumba nchini Uganda, wakiwatafuta watoto wa chini ya miaka mitano.

Nasi Wakristo yatupasa kujipima. Kaini alipoulizwa habari za nduguye, alijifanya hahusiki. Je, ajisaidiaye kando ya mto, au afichaye mtoto watoa chanjo wapitapo, hafanyi vivyo hivyo? Amri ya mapendo haiishii kanisani. Yafika hata chooni. Baba na achimbe choo mbali na maji. Mama na achemshe maji ya kunywa. Watoto na wanawe mikono, wapelekwe kuchanjwa.

Jirani aliye chini ya mto hatumjui jina. Mungu amjua, naye atatuuliza habari zake.