Muuzaji Asiyeonekana na Sheria ya Nchi

Ndugu msomaji, miongoni mwa maswali yanayoletwa na watu wanaoichungua dini yetu, liko moja ambalo wazee wetu hawakulisikia. Mtu akaa Bashay wilayani Mbulu, au Katesh chini ya mlima Hanang. Hana duka wala meza sokoni. Alicho nacho ni simu. Huandika humo habari za kilimo, watu wakasoma na kumwamini, kisha huwatangazia vitunguu saumu vya shamba lake. Mnunuzi aliyeko Dar es Salaam humpelekea fedha kwa simu, naye hufunga mzigo na kuukabidhi kwa basi. Watu hawa wawili hawakuonana, na huenda wasionane maisha yao yote. Basi huyu muuzaji auliza: “Je, leseni, kodi na kanuni za Serikali zanihusu mbele ya Mungu? Mimi si mwizi. Na nikiziacha, nani atajua?”

Hilo neno la mwisho ndilo swali lenyewe. Yaliyotangulia ni utangulizi tu.

Mnadani mtu hulindwa na macho ya wenziwe. Mnunuzi hushika kitunguu, hukiminya, hukinusa, hutazama mshale wa mizani; na akipunjwa, mnada ujao atakuja na ndugu zake. Kwa hiyo nusu ya uaminifu wa mfanya biashara wa sokoni si wake, ni wa hao wanaomtazama. Katika simu hakuna mkono wa kugusa. Vitunguu saumu vilivyong'olewa jana vimejaa maji, na kila mkulima wa Mbulu ajua kwamba vikianikwa hupungua uzito. Anayevipima kabla havijakauka auza maji kwa bei ya vitunguu. Mnunuzi ameona picha tu, na picha ile ni ya vitunguu vikubwa vyeupe vilivyochaguliwa kimoja kimoja.

Mtume Mtukufu s.a.w. alipita sokoni akakuta lundo la chakula linauzwa. Akatia mkono wake ndani, na vidole vyake vikakuta unyevu. Alipomwuliza mwenye mali, yule akajibu kwamba ni mvua iliyolinyeshea. Mtume s.a.w. akamwuliza kwa nini basi hakukiweka juu kile kilicholowa ili watu wakione, akatangaza kwamba mdanganyifu si mtu wake. Tafadhali angalia, msomaji: mvua haikuwa kosa la mtu yule. Kosa lake lilikuwa mpango wa lundo. Nasi leo, picha ya simuni ndiyo juu ya lundo.

Sasa tuitazame sheria. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 yamtaka auzaye kwa njia hii ataje jina lake kamili, mahali alipo na namba yake, aeleze sifa za bidhaa na bei yake yote. Nayo yampa mnunuzi nafasi ya siku saba kughairi mapatano. Sheria ya Leseni za Biashara ya mwaka 1972 na daftari la mlipa kodi hazimwachi mtu kwa sababu tu duka lake laingia mfukoni. Na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, yazifanya namba na majina ya wanunuzi kuwa kitu cha kuhifadhiwa, si cha kugawiwa wengine. Mwislamu asomaye hayo hana cha kushangaa. Watu wa Madina walikuwa wakilipia matunda mwaka mmoja au miwili kabla ya kuyapokea, na Mtume s.a.w. hakuwakataza, bali aliwaamuru kipimo kijulikane, uzito ujulikane na muda ujulikane. Kurani Tukufu, katika Sura Al-Baqara, yaamuru deni la muda liandikwe. Serikali ikidai mambo hayo kwa karatasi na mhuri, yatudai tulichokuwa tumekwisha kudaiwa.

Tarehe 3 Desemba 2023 matope na mawe yaliporomoka kutoka mlima Hanang yakaangukia Katesh na vijiji vya jirani, na watu zaidi ya 80 wakafa. Tuseme mtu mmoja alikwisha pokea fedha za mbaazi kabla ya siku ile, na ghala lake likachukuliwa na matope. Hana lawama kwa mbaazi. Lakini zile fedha ni za nani? Ni za mnunuzi, hata kama mnunuzi yuko mbali na hana pa kumshikia. Na mnunuzi naye, Sura hiyohiyo yamwamuru ampe muhula mdaiwa aliye katika dhiki. Mmoja asijifiche, na mwingine asimbane. Sheria ya nchi yaweza kudai lile la kwanza; la pili haliwezi, nalo ndilo gumu zaidi.

Yuko atakayesema: “Mimi sikuzijua sheria hizo.” Huyo namhadithia habari iliyotokea yapata mwaka 1877. Masihi Aliyeahidiwa a.s. alipeleka makala kwa posta kwa wakili mmoja Mkristo wa Amritsar, aliyekuwa na kiwanda cha kupigia chapa, akatia na barua ndani ya kifurushi kilekile. Kanuni za posta za siku zile zilikataza jambo hilo, na adhabu yake ilikuwa faini ya rupia 500 au kifungo cha miezi sita. Yeye hakujua. Akashitakiwa, na mawakili wakamwambia kwamba njia ya kuokoka ni moja tu, yaani kukana kwamba barua ile aliitia yeye. Akakataa. Mbele ya hakimu huko Gurdaspur alikiri kwamba kifurushi ni chake na barua ni yake, ila hakukusudia kuinyima Serikali ada yake, kwa sababu aliihesabu barua ile kuwa sehemu ya makala. Hakimu akamwachilia.

Sisemi kwamba kila asemaye kweli huachiliwa. Wako waliofungwa kwa kweli yao. Lakini hebu tazama ambalo hakulisema. Hakusema kwamba ada ya posta ni kitu kidogo, wala kwamba Serikali ile ni ya wageni. Kutojua kwaweza kusamehewa. Ila mtu akiisha kujua, kama wewe uliyefika hapa katika makala hii, hana tena udhuru huo.

Na sheria ikiwa nzito je? Kanuni za Maudhui Mtandaoni za mwaka 2018 ziliwatoza waandishi wa mtandaoni ada ambazo jumla yake ilizidi shilingi milioni 2, na wengine wakaacha kuandika. Sidhani kwamba mzigo huo ulikuwa mwepesi kwa mkulima wa Dongobesh. Sura An-Nisaa yatuamuru kuwatii wenye mamlaka, lakini kutii si kunyamaza: kuna Mbunge, kuna mahakama, kuna kuandika barua kwa adabu. Kanuni zile ziliondolewa na nyingine za mwaka 2020, nazo zikarekebishwa mwaka 2022. Anayekwepa kwa siri hamsaidii yeyote. Amemwachia mzigo wote jirani yake anayetii.

Utauliza kama faida haitapungua. Itapungua. Vitunguu vikavu ni vyepesi, na leseni hailetwi bure.

Na aliyekwisha uza maji kwa bei ya vitunguu kabla ya kufanya baiat, asidhani kwamba toba yake imezifuta haki za watu. Mwuzaji wa zamani, akitaka kutubu, hakujua awapate wapi aliowapunja, maana mnada ulikwisha tawanyika. Huyu wa leo anazo namba zao zote simuni. Na akae jioni moja na daftari, akadirie kilo zilizopungua, arudishe fedha kwa njia ileile zilikopitia. Na mnunuzi akipiga simu kuuliza fedha hizo ni za nini, amweleze.